Uchoraji wa perspektivu uanzie mlangoni kwa mwanafunzi

Ndugu Mhariri,

Naomba unipatie nafasi katika safu ya barua za wasomaji nizungumzie jambo ambalo kwa wengi litaonekana dogo, lakini ambalo limenishughulisha katika miaka yote niliyofundisha somo la Sanaa, kwanza milimani Lushoto na baadaye mjini Tanga mpaka nilipostaafu. Jambo lenyewe ni namna tunavyowafundisha wanafunzi uchoraji wa perspektivu, yaani ule uchoraji unaoonyesha umbali juu ya karatasi bapa, ambamo vitu vya mbali huwa vidogo kuliko vya karibu na mistari iliyo sambamba huonekana ikisogeleana mpaka ikakutana. Nalileta wakati huu kwa sababu mtaala mpya, ulioanza kutumika kwa awamu mwaka 2024, una somo la Sanaa na Michezo katika shule za msingi na mkondo wa amali katika sekondari, na bila shaka wapo walimu waliopangiwa kufundisha uchoraji ilhali wao wenyewe hawakuusomea. Mwalimu wa namna hiyo hutafuta mahali pepesi pa kuanzia, na mahali pepesi panapopatikana katika vitabu karibu vyote ni sanduku.

Kila aliyepita katika somo hili analikumbuka sanduku hilo. Mwalimu huchora ubaoni mstari mmoja wa kulala, huweka nukta katikati yake, huchora mraba chini ya mstari, kisha huunganisha pembe za mraba na ile nukta kwa rula. Sanduku likishapatikana, hufuata reli inayokwenda mbali pamoja na nguzo za simu kando yake, na baada ya hapo barabara ya mji usiojulikana jina, yenye maghorofa pande zote mbili. Wanafunzi hunakili, mwalimu husahihisha, na kila mmoja huamini kwamba perspektivu imefundishwa. Lakini mwambie mwanafunzi huyo huyo, wiki inayofuata, achore kibanda cha mama yake cha maandazi. Atakuchorea kibanda kilichobapa kama kilivyokuwa katika daftari lake la darasa la tatu, meza ikionekana kwa juu na miguu yake ikionekana kwa ubavu, wala haitamjia hata kidogo kwamba ile nukta na ile rula zilikuwa na uhusiano wowote na kibanda hicho.

Wapo wanaosema kwamba hii ni dalili ya uvivu, au kwamba mtoto hana kipaji. Mimi naona sababu iko ndani ya somo lenyewe. Kanuni zote za perspektivu hutegemea swali moja, nalo ni kwamba jicho la mchoraji liko wapi: liko juu kiasi gani kutoka ardhini, liko umbali gani na kinachochorwa, na linaelekea upande upi. Ule mstari wa kulala anaouchora mwalimu ubaoni ni kimo cha jicho hilo, na ile nukta iliyo juu ya mstari ni uelekeo wa mistari inayokwenda mbali nalo. Sasa, sanduku linaloelea hewani halina anayelitazama. Hakuna sababu ya kulisogelea wala kurudi nyuma, kusimama wala kuketi. Mwanafunzi hupewa majibu ya swali ambalo hajawahi kuulizwa, na ndiyo maana hayabaki naye. Mpe mahali anapopajali, pahali ambapo ana neno la kusema juu yake, na swali la jicho liko wapi litamjia lenyewe, kwa sababu hawezi kupachora bila kuamua yeye alikuwa wapi.

Nitatoa mfano wa nyumba zetu. Katika Ngamiani hapa Tanga, kama ilivyo Kariakoo, Tabora au Ujiji, nyumba ya Kiswahili imejengwa kwa mpango ambao wasomaji wako wengi wanaujua bila kuelezwa: baraza mbele, mlango, kisha korido ndefu iliyonyooka yenye vyumba kulia na kushoto, na mwisho wake mlango wa kutokea uani, ambako ndiko kuna jiko, choo na kamba ya nguo. Mtu angeagiza kielelezo cha kufundishia perspektivu ya nukta moja asingepata kilicho bora kuliko hicho. Mistari ya sakafu inapanda, mistari ya dari inashuka, vizingiti vya milango vinazidi kusogeleana, na mwanga wa uani unakaa hasa pale mistari yote inapokutania. Mamia ya wanafunzi hupita katika kielelezo hiki kila asubuhi wakienda shuleni kuchora reli.

Nilipowapa wanafunzi kazi ya kuchora korido za nyumbani kwao, sikuwaambia lolote kuhusu nukta. Niliwaomba kwanza waandike nusu ukurasa: ni saa ngapi, nani yumo, mlango upi uko wazi, na wewe uko wapi. Ni swali hilo la mwisho lililozaa somo. Mwanafunzi mmoja aliandika kwamba yuko uani, kwenye kigoda, anamenya vitunguu na kutazama korido kuelekea barabarani. Sikuwa nimefikiria korido ikitazamwa kutoka huko, kwa kuwa mgeni huiona akitokea mbele. Aliyeketi kwenye kigoda ana jicho lililo chini, pengine usawa wa kiuno cha mtu mzima aliyesimama, na kwa hiyo mstari wa usawa wa macho unashuka, sakafu inakuwa ukanda mwembamba, na milango inarefuka juu yake mpaka ndugu zake wakubwa wanaopita koridoni wanaonekana kama minara. Alipoanza kuchora aliweka mstari ule katikati ya karatasi, kama alivyozoeshwa, na mchoro ukakataa. Aliniuliza kwa nini picha inaonekana kana kwamba yeye amesimama. Swali hilo halijawahi kuulizwa na mwanafunzi yeyote wangu aliyekuwa akichora sanduku.

Baada ya hapo kanuni zilifuata, tena kwa kuombwa. Milango mitatu ya upande wa kulia imeachana kwa umbali ulio sawa, lakini katika mchoro umbali huo unapungua kadiri milango inavyoenda mbali. Unapungua kwa kiasi gani? Mwanafunzi anayekisia hukosea, na anajua kwamba amekosea kwa sababu korido ni yake. Hapo ndipo mwalimu anapopaswa kumwonyesha njia ya mshazari: chora wima wa kwanza na wa pili kwa jicho, tafuta katikati ya ule wa pili, kisha piga mstari kutoka ncha ya juu ya wima wa kwanza upite katikati hapo mpaka uguse mstari wa sakafu. Pale ulipogusa ndipo pa wima wa tatu, na njia hiyo hiyo itakupa wa nne na wa tano. Ni jiometri ya kidato cha kwanza, haihitaji kikokotoo, na niliona wanafunzi waliokuwa wakiiogopa Hisabati wakiitumia kupanga pazia za khanga za milango ya wapangaji bila kulalamika. Mlango wa mpangaji wa mwisho ulikuwa mwembamba mno kiasi cha kutoonekana kilichomo ndani yake, jambo ambalo yule mwanafunzi alisema kwa furaha kidogo kwamba ni kweli kabisa hata mtu asipochora.

Si lazima mahali penyewe pawe nyumba. Mwanafunzi mwingine alichagua foleni ya maji bombani, na kwa hakika sikumbuki kazi iliyofundisha mambo mengi kwa wakati mmoja kuliko ile. Ndoo zimepangwa mstari, na kila ndoo ina mdomo wa duara. Duara likitazamwa kwa mshazari huwa yai, na yai hilo ni nene kwa ndoo iliyo karibu na miguu yako, kwa kuwa unaitazama karibu kwa juu, na huzidi kuwa jembamba kwa ndoo za mbali, kwa kuwa macho yako yanazifikia kwa kulala zaidi. Ndoo iliyoinuliwa hadi usawa wa macho, mdomo wake huwa mstari tu, na ile iliyo kichwani mwa mtu anayepita karibu nawe huonyesha kitako badala ya mdomo. Kisha kuna watu wenyewe. Ikiwa uwanja ni tambarare na wewe umesimama, vichwa vya wote walio na kimo chako vitagusa mstari ule ule wa usawa wa macho, awe aliye hatua mbili mbele yako au aliye mwisho wa foleni; kinachobadilika ni mahali nyayo zao zinapofika. Wachoraji wanaoanza huwapunguza watu wa mbali na kuwapandisha juu ya karatasi kwa kukisia, na watu hao huonekana ama vibete ama wanaopaa. Aliyesimama katika foleni hiyo kila siku akiona vichwa vya watu mbele yake anaielewa kanuni hii kwa sentensi moja.

Yupo pia aliyechora barabara akiwa amepakiwa nyuma ya baiskeli ya baba yake, jambo la kawaida sana katika mji wetu huu wa baiskeli. Barabara za Ngamiani zinaitwa kwa namba na zimenyooka, kwa hiyo nukta ya kukutania mistari ilipaswa kuwa wazi mbele, lakini yeye haioni, kwa sababu iko nyuma ya mgongo wa baba. Ilimbidi aipate kwa kurefusha mistari ya mabaraza na mapaa ya pande zote mbili hadi ikutane chini ya shati lile, na baadaye aifute. Kitabu hakingempa tatizo hilo. Kitabu hakina mtu wa kumziba njia.

Milimani mambo huwa magumu zaidi, na naomba nikae hapo kidogo kwa sababu vitabu vingi vinapapita. Mtoto wa Lushoto akiambiwa kwamba mstari wa usawa wa macho ni pale ardhi inapokutana na anga, huuweka juu ya kilele cha mlima, na kuanzia hapo kila kitu kinaharibika. Mtoto wa Pangani hana tabu hiyo: bahari iko wazi mbele yake, na akiketi mchangani kisha akasimama ataona mstari wa bahari ukipanda pamoja naye na kukata mlingoti wa ngalawa iliyo karibu mahali pa juu zaidi kuliko kwanza. Kwa yule wa milimani nilitumia chupa ya plastiki yenye maji nusu. Ishike mbele ya jicho, ipandishe na kuishusha polepole mpaka uso wa maji uonekane kuwa mstari mmoja, wala huuoni kwa juu wala kwa chini, kisha tazama kupitia chupa hiyo mstari unaangukia wapi ng'ambo ya bonde. Kile unachokiona hapo, iwe ni paa la zahanati au mti wa mkuyu, kiko usawa wa macho yako, hata kama mlima unaendelea kupanda nyuma yake. Wanafunzi walishangaa kugundua kwamba nyumba waliyodhani iko juu yao kumbe iko chini yao.

Na barabara ya mlimani haitii ule mchoro wa reli. Inayopanda mbele yako hukutania juu ya mstari wa usawa wa macho, na inayoteremka hukutania chini yake, hali nyumba zilizo kando ya barabara hiyo hiyo, kwa kuwa zimejengwa kwa timazi na pimamaji, mistari yake ya kulala inaendelea kukutania kwenye mstari wenyewe. Mapaa ya bati yenye mteremko yana nukta zake pia, juu au chini ya nukta za kuta. Haya hufundishwa kama sura ya mwisho kwa walioendelea, lakini kwa mwanafunzi anayechora njia ya kwenda kwao hayo ndiyo ya kwanza, kwa sababu njia ya kwao inapanda. Ongeza hapo namna safu za Usambara zinavyozidi kuwa za samawati na hafifu kadiri zinavyokwenda mbali, kwa sababu ya hewa na vumbi vilivyo katikati, na utakuwa umefundisha perspektivu ya rangi pamoja na ile ya mistari bila kutoka nje ya uzio wa shule.

Huenda mtu akasema kwamba ninaibadilisha elimu hii kutoka katika asili yake. Asili yake ndiyo inayoniunga mkono. Filippo Brunelleschi, msanifu majengo wa Florence huko Italia, alipofanya jaribio lake maarufu mwanzoni mwa karne ya 15, hakuchora sanduku. Kwa maelezo yaliyoachwa na mwandishi wa maisha yake, Antonio Manetti, alisimama ndani kidogo ya mlango mkuu wa kanisa kuu la mji huo akachora jengo la ubatizo la Mtakatifu Yohane lililo mbele yake, jengo ambamo watoto wa Florence walikuwa wakibatizwa. Alitoboa tundu katika ubao wa picha, na mtazamaji alichungulia kutokea nyuma huku ameshika kioo mbele, ili picha aione katika kioo hicho akiwa mahali pale pale pa jicho la mchoraji. Mbingu hakuichora, aliweka fedha iliyong'arishwa iakisi mawingu halisi yanayopita. Jaribio lote lilihusu mahali fulani hasa pa kusimama, katika mji wake, mbele ya jengo ambalo kila mwenyeji aliweza kulilinganisha na picha. Miaka michache baadaye, mwaka 1435, Leon Battista Alberti aliandika kanuni hizo katika kitabu. Mahali palitangulia, kanuni zikafuata, nasi darasani tumegeuza mpangilio huo na kupaacha mahali nje kabisa.

Lipo pingamizi zito zaidi, nalo nimelisikia kwa wasanii ninaowaheshimu: kwamba perspektivu ni mali ya Ulaya, kwamba sanaa yetu haikuihitaji, na kwamba kumtaka mtoto achore nyumba ya bibi yake kwa kanuni za Florence ni kumwazimisha macho ya watu wengine. Kwanza, elimu ya mwanga na jicho ambayo Wataliano waliitegemea ilipitia kwa wataalamu wa Kiarabu, na hasa Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefanya kazi Cairo katika karne ya 11, ambaye kitabu chake kuhusu kuona kilitafsiriwa kwa Kilatini na kusomwa sana Ulaya. Kwa hiyo si rahisi kusema ni mali ya nani. Pili, na hili ndilo kubwa, pingamizi hilo lilishawahi kujaribiwa hapa kwetu Afrika Mashariki. Margaret Trowell, aliyeanzisha mafunzo ya sanaa Makerere katika miaka ya 1930, alihofia kwamba mbinu za darasani za Ulaya zingewaharibu wanafunzi wake, akawahimiza wachore maisha ya vijijini mwao kutoka akilini. Cecil Todd aliyempokea mwaka 1958 aliona vinginevyo, akaingiza nadharia ya rangi na historia ya sanaa ya Magharibi. Ubishi wa pande hizo mbili haujaisha hadi leo katika vyumba vya walimu wa sanaa, ijapokuwa wengi wanaobishana hawajui ulianzia wapi.

Ninachokiona mimi ni kwamba kila upande ulishika nusu moja. Mtazame Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame, aliyesoma Makerere chini ya Trowell na baadaye chuo cha sanaa cha Slade jijini London, na ambaye mchoro wake wa mwaka 1956 wa wanaume wanaompelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku uko katika Jumba la Sanaa za Kisasa la New York. Ntiro alijua perspektivu ni nini. Haiwezekani kupita Slade usiione. Lakini katika michoro yake ya Uchagani ardhi huinuka kama mkeka uliosimamishwa, na migomba na watu hupangwa ili kila mmoja aonekane, kwa sababu alichotaka kukisema ni kazi ya pamoja ya kijiji na si mahali alipokuwa amesimama yeye. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za mafuta juu ya mbao bapa za mraba na kufariki mwaka 1972, aliwaacha wanyama wake bila umbali wowote nyuma yao, nao wanatosha. Mwanafunzi anastahili kuyajua haya yote mawili. Lakini tofauti kati ya kuacha perspektivu na kutoijua haiwezi kuonekana na mtoto aliyefundishwa sanduku tu. Yule anayechora ua wa bibi yake anaweza kuambiwa achore mara mbili: mara moja kama ulivyoonekana kutoka mlangoni, na mara nyingine kama anavyotaka watu wote na vitu vyote vionekane. Kisha aseme ni upi ulio wa kweli zaidi. Nimesikia majibu ya pande zote mbili yakitetewa kwa hoja ambazo zingewafaa Trowell na Todd wenyewe.

Wenzangu wengine wana wasiwasi wa upande wa pili, kwamba ukimwachia mwanafunzi achore anachokijali utapata hisia nyingi na mistari mibovu, na mwalimu ataona haya kusahihisha mchoro wa kaburi la babu. Wasiwasi huo una msingi. Nimeona michoro ikipewa alama za juu kwa sababu hadithi yake inaliza, ilhali nyumba iliyomo inaanguka upande mmoja. Dawa yake ni kutenganisha mambo mawili wakati wa kusahihisha: mahali na sababu ya kupachagua havisahihishwi, ila mistari inasahihishwa bila huruma. Kwa uzoefu wangu, mwanafunzi hupokea masahihisho makali kwa urahisi zaidi anapochora pake kuliko anapochora pa kitabu, kwa kuwa anakuona unamsaidia kukifikia alichokiona. Sanduku likikosewa, anayeumia ni sanduku.

Jambo moja naliomba kwa msisitizo. Mwalimu asitoe kazi yenye kichwa "Nyumbani kwetu" kwa darasa zima. Wapo wanaolelewa na ndugu wasiowataka, wapo waliohamishwa juzi, wapo ambao nyumba ni mahali pa hofu, na wapo wanaoona aibu kuonyesha paa la makuti mbele ya wenzao wa mabati. Kazi itajwe kwa upana: mahali unapopajua vizuri kuliko mtu yeyote darasani. Kona ya uwanja wa mpira, kiti cha nyuma cha daladala, ngazi za madrasa, jukwaa la kwaya, gati, banda la kuku. Nusu ukurasa anaouandika kabla ya kuchora usisomwe kwa sauti ila kwa ruhusa yake.

Kuhusu vifaa, sitasema mengi, kwa maana kisingizio cha vifaa kimetumika vya kutosha. Mwaka 1525 mchoraji Albrecht Dürer wa Nuremberg, Ujerumani, alichapisha kitabu chenye picha za mafundi wakichora kwa kutumia fremu na uzi, na kifaa cha jamii hiyo kinatengenezeka kwa boksi la katoni, uzi wa cherehani na dakika chache za kipindi. Kata dirisha katika katoni, tandaza nyuzi zigawanye dirisha hilo katika miraba, chora miraba kama hiyo kwa penseli hafifu kwenye karatasi, funga jicho moja, na uhamishe unachokiona mraba kwa mraba. Masharti ni mawili: fremu isitikisike na kichwa kisihame. Wanafunzi walio wengi darasani wanaweza kupokezana, wanne kwa fremu moja. Picha za simu sizipendekezi mwanzoni, si kwa sababu ya kanuni za shule pekee, ila kwa kuwa lenzi pana za simu huvuta vitu vya pembeni, na zaidi ya hayo simu humwamulia mtoto mahali pa jicho kabla hajajiuliza.

Mwisho, naomba Taasisi ya Elimu Tanzania, inapoendelea kuandaa vitabu na viongozi vya mwalimu kwa mtaala huu, iweke zoezi la mahali na jicho kabla ya zoezi la sanduku, na sanduku libaki kama kielelezo cha kufafanulia badala ya kuwa somo lenyewe. Na Baraza la Mitihani lifikirie kuwa na swali moja la vitendo ambalo mtahiniwa atachagua mahali anapopajua, achore kutoka kichwani, na aandike kwa sentensi mbili chini ya karatasi kwamba jicho lake lilikuwa wapi na kwa kimo gani. Msahihishaji hatahitaji kupajua mahali hapo. Atachukua rula, atarefusha mistari, atapata mstari wa usawa wa macho, na ataulinganisha na zile sentensi mbili. Zikikubaliana, alama zitolewe. Swali la namna hiyo haliongezi gharama ya kifaa hata kimoja katika chumba cha mtihani, na walimu wangelazimika kulifanyia mazoezi mwaka mzima.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu Mstaafu wa Sanaa,
Ngamiani, Tanga